Hesabu za boti na mkondo wa mto: hiyo mbili inatoka wapi

Dada uliyeanzisha uzi huu, umeeleza kwamba binti yako wa kidato cha tatu alipewa swali hili: boti inateremka mto kilomita 24 kwa saa 2, kisha inarudi njia ileile kwa saa 3, tafuta kasi ya boti kwenye maji yaliyotulia na kasi ya mkondo. Akapata 12 na 8, akatoa, akaandika kwamba mkondo ni 4. Kitabu kinasema ni 2. Ulipomuuliza kwa nini inagawanywa kwa mbili, akakujibu kwamba ndivyo fomula ilivyo, nawe ukaja kutuuliza fomula hiyo imetoka wapi. Waliotangulia hapa juu wamekupa jibu sahihi, (12 + 8) ÷ 2 na (12 − 8) ÷ 2, lakini ulichouliza bado hakijajibiwa. Mimi hufundisha hisabati jioni huku Umoja, wanafunzi wa sekondari, na hiyo mbili ya binti yako huulizwa na karibu kila kundi jipya ninalolipokea. Naomba nijibu kwa urefu.

Kwanza jibu lenyewe. Kasi ya boti peke yake ni 10. Ikiteremka, mkondo unaiongezea 2, inakuwa 12. Ikipanda, mkondo unaipunguzia 2, inakuwa 8. Sasa hesabu kutoka 8 kwenda 12: unatoka 8 kufika 10, hapo umerudisha mkondo uliopunguzwa, unatoka 10 kufika 12, hapo umeongeza mkondo mwingine. Ni hatua mbili, na kila hatua ni mkondo mmoja. Binti yako alipotoa 8 kwenye 12 alikuwa ameshika mikondo miwili kwa pamoja, ndiyo maana ikabidi igawanywe. Mwambie achore mstari daftarini, 8 kushoto, 12 kulia, 10 katikati. Boti hukaa katikati siku zote, umbali sawa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo wastani wa hizo kasi mbili ndio unaoitoa. Akiuchora mstari huo mwenyewe hatahitaji kukariri kitu.

Ila nakuomba usiishie hapo, kwa sababu kosa la mkondo 4 lina mzizi wake, na mzizi huo utazaa makosa mengine kwenye maswali magumu zaidi. Mtoto anaamini kwamba boti ina kasi moja. Kumbe kila boti iliyo mtoni ina kasi mbili kwa wakati mmoja: kasi yake juu ya maji, na kasi yake kwa mtu aliyesimama ukingoni. Injini au makasia huamua ile ya kwanza. Mto huingilia ile ya pili tu. Na umbali tunaopewa kwenye maswali, zile kilomita 24, umepimwa ukingoni, kutoka gati hadi gati, si majini. Hapo ndipo penye hesabu yote. Ukigawanya umbali wa ukingoni kwa muda, utapata kasi ya ukingoni, na kasi ya ukingoni ni b + m au b − m (b ni kasi ya boti juu ya maji, m ni kasi ya mkondo), kamwe haiwi b peke yake isipokuwa maji yametulia.

Watoto wetu wa Nairobi wana shida ya ziada hapa, na si ya akili. Hawajawahi kuona boti mtoni. Mto Nairobi wanaujua wakivuka daraja, na hakuna anayesafiri juu yake. Walioenda kupanda boti Uhuru Park walipanda kwenye bwawa, maji ambayo hayaendi popote. Kwa hiyo wanaposoma "mkondo" wanaliona ni neno la kupamba swali, wanaliruka na kuzitafuta nambari. Mtoto aliyekulia Garsen au Hola, kando ya Mto Tana, ana faida kabla hata hajafungua kitabu, maana ameona mtumbwi ukichukuliwa na maji huku mwenye kafi ametulia tu.

Mimi huwapa makanga. Basi linapita Jogoo Road bila kusimama kwa kilomita 20 kwa saa, na makanga anatembea ndani akikusanya nauli kwa kilomita 3 kwa saa. Abiria aliyeketi anamwona akienda kwa 3, iwe anaelekea mbele kwa dereva au anarudi nyuma. Mtu aliye kituoni Makadara, akichungulia kupitia madirisha, anamwona akienda kwa 23 anapoelekea mbele, na kwa 17 anaporudi nyuma. Makanga hajabadilisha hatua zake hata kidogo. Aliyebadilika ni mtazamaji. Basi ndilo mto, makanga ndiye boti. Ukimaliza kueleza hivyo, uliza: je, makanga akisimama wima kuhesabu chenji? Darasa zima litasema kwa aliye kituoni anaenda kwa 20. Hapo wameshaelewa.

Kisha unawarudisha mtoni kwa swali ambalo mimi hulitumia kupima kama mtoto yuko tayari kuandika milinganyo. Zima injini katikati ya mto. Boti inakwenda kasi gani? Anayejibu sifuri bado ana kasi moja kichwani, na ukimpa maswali kumi ya mtihani atayajaza kwa kubahatisha wapi pa kujumlisha na wapi pa kutoa. Anayejibu "kasi ya mkondo, kwenda chini" amefika. Swali la pili: elekeza boti juu na uiendeshe kwa kasi sawasawa na ya mkondo. Itakuwa wapi baada ya saa moja? Palepale, injini ikinguruma, mti wa ukingoni ukiwa pembeni yake vilevile. Na kama mkondo una kasi kuliko boti, boti itarudi nyuma huku pua yake ikitazama juu. Hayo ya mwisho yana kazi kwenye aljebra kama utakavyoona, kwa sababu yanatuambia mapema kwamba b lazima izidi m ili safari ya kupanda iwepo kabisa.

Tuje kwenye kuandika. Nawashauri wanafunzi wangu waache x na y kwenye maswali haya. Tumia b kwa boti na m kwa mkondo, ili ukifika mwisho wa ukurasa na jibu "m = 3" ujue umepata nini. Wengi hupoteza alama kwa kutatua mlinganyo vizuri kisha kuandika kasi ya mkondo mahali pa kasi ya boti, kwa kuwa walishasahau x ilikuwa nani. Halafu chora jedwali dogo lenye safu tatu: umbali, kasi ya ukingoni, muda. Mistari ni safari zenyewe, kushuka na kupanda. Jaza ulichopewa, na safu inayobaki ijaze kwa kugawanya. Mlinganyo hutoka kwenye safu ile ambayo swali limeisemea jambo. Swali likitaja muda wa jumla, jumlisha safu ya muda. Likisema umbali ni sawa kwenda na kurudi, linganisha safu ya umbali.

Chukua mfano huu. Nambari ni zangu. Boti yenye kasi ya kilomita 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia inateremka Tana kilomita 45, kisha inarudi. Safari nzima, kwenda na kurudi, inachukua saa 8. Mkondo una kasi gani?

Jedwali linakuwa hivi:

Kushuka: umbali 45, kasi 12 + m, muda 45/(12 + m)
Kupanda: umbali 45, kasi 12 − m, muda 45/(12 − m)

Swali limesema jambo kuhusu muda, kwa hiyo tunajumlisha safu ya mwisho:

45/(12 + m) + 45/(12 − m) = 8

Zidisha kote kwa (12 + m)(12 − m). Upande wa kushoto unapata 45(12 − m) + 45(12 + m). Angalia kinachotokea: 45m zinafutana na kubaki 1080. Upande wa kulia ni 8(144 − m²). Gawanya kwa 8: 135 = 144 − m², basi m² = 9, na m ni 3 au −3.

Hapa wengi hukata −3 kwa kalamu na kusema kasi haiwezi kuwa hasi. Sawa, jibu ni 3, lakini mimi hupenda mtoto asimame hapo kidogo. Hiyo −3 ni mto uleule ukitiririka kuelekea upande mwingine. Ukiugeuza mto, safari ya kushuka inakuwa ya kupanda na ya kupanda inakuwa ya kushuka, na jumla ya muda haibadiliki. Aljebra imekupa mito yote miwili kwa kuwa haikuambiwa ni upande upi ulio chini. Sisi tulishaamua chini ni wapi tulipoandika 12 + m kwenye mstari wa kushuka, kwa hiyo tunachukua 3. Hakikisha: kushuka 45 ÷ 15 = saa 3, kupanda 45 ÷ 9 = saa 5, jumla 8.

Sasa geuza hadithi hiyohiyo. Ficha boti badala ya mkondo: mkondo ni 3, umbali 45 kila upande, jumla saa 8, kasi ya boti haijulikani. Hapa pia zinazofutana kule juu ni zile za m, ila b inabaki, na ukipanga vizuri unafika kwenye 4b² − 45b − 36 = 0, yaani (4b + 3)(b − 12) = 0. Majibu ni 12 na −3/4. Lile la pili linaanguka kwa sababu tuliyoitaja wakati injini ilikuwa imezimwa: b lazima izidi 3. Mpe binti yako maswali hayo mawili mfululizo, la kwanza halafu la pili. Ataona kwamba mto ni mmoja na boti ni moja, kilichobadilika ni pale tulipoweka kiganja kufunika.

Mchangiaji mmoja hapa juu ameshauri akariri kwamba muda wa kwenda na kurudi ni 2db ÷ (b² − m²), d ikiwa umbali wa upande mmoja. Ni kweli, na inatoka palepale kwenye jedwali. Lakini mtahini akibadilisha kidogo tu, aseme boti ilishuka kilomita 45 na kurudi kilomita 30 tu ikaharibika, fomula hiyo haina kazi, ilhali jedwali bado linafanya kazi bila kubadilishwa. Kwa hiyo siungi mkono kuikariri. Naunga mkono kuichunguza, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo watu wazima wengi hawaliamini mpaka walihesabu wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Rudi kwenye swali la binti yako: boti 10, mkondo 2, kilomita 24 kila upande. Uliza mtu yeyote mezani: mto ukikusaidia kwenda na kukuzuia kurudi kwa kiasi kilekile, je, si mwishoni ni kama mto haukuwepo? Karibu kila mtu atakubali. Hesabu sasa. Bila mkondo, kilomita 48 kwa kasi ya 10 ni saa 4 na dakika 48. Pamoja na mkondo ni saa 2 kujumlisha saa 3, yaani saa 5. Mto umekula dakika 12. Kasi ya wastani ya safari nzima ni 48 ÷ 5 = 9.6, si 10, ingawa 10 ndiyo iliyo katikati ya 12 na 8. Sababu ni kwamba mkondo unakusaidia kwa saa 2 lakini unakuzuia kwa saa 3. Anayekuzuia yuko nawe muda mrefu kuliko anayekusaidia, kwa kuwa amekufanya uende polepole.

Ongeza mkondo uone. Mkondo ukiwa 8, boti ileile ya 10 inashuka kwa 18 na kupanda kwa 2. Kilomita 24 za kushuka zinaisha kwa saa 1 na dakika 20, za kupanda zinachukua saa 12. Mkondo ukifika 10, unaenda vizuri sana na hurudi nyumbani kamwe. Hivyo ndivyo b² − m² iliyo chini ya ile fomula inavyosema: m ikikaribia b, namba ya chini inakaribia sifuri na muda unapaa bila kikomo. Nikimwona mwanafunzi akiangalia sehemu ile ya aljebra na kuona boti iliyokwama mbele ya mti uleule, huwa nafurahi kwa dhati. Makosa ya kutafuta kasi ya wastani kwenye mitihani hutoka hapohapo, kwa hiyo mwambie: kasi ya wastani ni umbali wote kugawanya kwa muda wote, na 12 na 8 hazijumlishwi zigawanywe kwa mbili unapotafuta wastani wa safari nzima. Zinajumlishwa na kugawanywa kwa mbili tu tunapotafuta kasi ya boti yenyewe juu ya maji. Nambari ni zilezile mbili, maswali mawili tofauti, na ni rahisi kuyachanganya.

Kuna swali moja la zamani ambalo nalipenda kuliko yote, na nitaliweka mtoni Tana. Mpiga makasia anapanda mto, anapita chini ya daraja la Garissa, na hapo mtungi wake wa plastiki unaanguka majini bila yeye kujua. Anaendelea kupanda kwa dakika 20 ndipo anagundua. Anageuza papo hapo, anapiga makasia kwa nguvu ileile, na kuukuta mtungi ukielea kilomita 2 chini ya daraja. Mkondo una kasi gani?

Wanafunzi hulalamika kwamba swali halijakamilika, kasi ya mtumbwi haikutajwa. Waache waandike. Dakika 20 ni 1/3 ya saa. Baada ya kuangusha mtungi alipanda umbali wa (b − m)/3. Muda wa kurudi tuuite t. Akirudi alipita umbali huo wote mpaka darajani, kisha kilomita 2 zaidi:

(b + m)t = (b − m)/3 + 2

Mtungi nao haukuwa na makasia, kwa hiyo ulikwenda kwa kasi ya mkondo tu tangu ulipoanguka mpaka ulipookotwa:

m(1/3 + t) = 2

Weka upande wa kushoto wa mlinganyo wa pili mahali pa ile 2 kwenye mlinganyo wa kwanza. Unapata bt + mt = b/3 − m/3 + m/3 + mt. Zile m/3 zinafutana, mt zinafutana pande zote mbili, na kinachobaki ni bt = b/3. Yaani t = 1/3. Alirudi kwa dakika 20 kamili, muda uleule aliotumia kuuacha mtungi. Basi mtungi ulielea dakika 40, ukaenda kilomita 2, na mkondo ni kilomita 3 kwa saa. Kasi ya mtumbwi imetoweka yenyewe.

Kwa nini ilitoweka? Keti juu ya mtungi. Ukiwa hapo, maji yanayokuzunguka yametulia, mnakwenda pamoja. Unamwona mpiga makasia akiondoka kwako kwa kasi b kwa dakika 20, kisha akirudi kwako kwa kasi b. Atachukua muda gani kurudi? Dakika 20, bila shaka. Daraja na ukingo ndivyo vinavyosogea. Ukurasa mzima wa aljebra umekuwa sentensi moja kwa kubadilisha mahali pa kukaa. Tukifika hapa darasani huwa siendelei na swali lingine siku hiyo. Nawaacha walibishanie wakitembea kwenda nyumbani.

Mambo ya dakika niyapitie haraka, kwa sababu hayana siri, ila yanagharimu alama nyingi. Saa 2 na dakika 30 ni 2.5, wala si 2.30. Saa 1 na dakika 20 ni 4/3, na ibaki hivyo kama sehemu, isiandikwe 1.33 kisha kukadiriwa tena njiani mpaka jibu linatoka 2.97 na mtoto anashangaa. Na kama kasi ni kwa saa, muda wote uwe kwa saa kabla ya mstari wa kwanza wa mlinganyo.

Uliandika pia kwamba binti yako anauliza hesabu hizi zitamsaidia nini, wakati hana mpango wa kuwa nahodha. Ni swali la haki. Mwambie abadilishe boti iwe ndege na mkondo uwe upepo, asiguse kitu kingine kwenye jedwali. Ndege kutoka London kwenda New York huchukua takriban saa 8, na kurudi takriban saa 7, kwa sababu juu kule kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wanaopanga mafuta ya safari hizo wanaanza na b + m na b − m.

Na akiwa mtoto wa kupenda fizikia, kuna kubwa zaidi. Boti yenye kasi ya 5 kwenye mkondo wa 3, na safari mbili za kulinganisha. Ya kwanza, shuka kilomita 2 na urudi: 2/8 kujumlisha 2/2, yaani saa 1 na dakika 15. Ya pili, vuka mto wenye upana wa kilomita 2, ufike moja kwa moja ng'ambo, na urudi. Ili usichukuliwe na maji inabidi uelekeze pua juu kidogo, na kwa kanuni ya Pythagoras kasi inayobaki ya kuvuka ni kipeuo cha pili cha 25 − 9, yaani 4. Muda ni 2/4 mara mbili, saa 1 kamili. Umbali sawa, boti moja, na anayevuka anamshinda anayefuata mkondo kwa dakika 15. Mwaka 1887, huko Cleveland nchini Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walitumia hesabu hii kwa mwanga wenyewe. Wanafizikia wa wakati huo waliamini anga imejaa kitu walichokiita etha, na kwamba Dunia ikipita ndani yake mwanga ungekutana na mkondo. Wakagawanya mwale wa mwanga njia mbili, mmoja uende na kurudi sambamba na mwendo wa Dunia, mwingine uende na kurudi kwa kukatiza, wakitarajia kuona tofauti ya muda kama ile ya boti zetu. Tofauti waliyoitarajia haikuonekana. Mto ule haukuwepo. Mwaka 1905 Albert Einstein aliandika nadharia ambayo haikuhitaji etha kabisa. Aljebra iliyotumika kutabiri tofauti ile ni hii anayoilalamikia binti yako mezani kwako.

Kwa mazoezi ya nyumbani, usimnunulie kitabu kingine kwanza. Mwambie atunge maswali mwenyewe, kwa sababu kutunga kunamlazimisha kuanzia ndani. Achague b na m, tuseme 9 na 3. Ajumlishe na kutoa: 12 na 6. Achague umbali unaogawanyika kwa zote mbili, tuseme 36. Muda unatoka wenyewe, saa 3 na saa 6. Sasa ana hadithi kamili, na kazi iliyobaki ni kuamua afiche nini. Akificha b na m, ametunga swali la milinganyo miwili kama lile alilopewa shuleni. Akificha m peke yake na kutaja saa 9 za jumla, ametunga swali la kipeo cha pili. Atunge, akupe wewe ujaribu, na akusahihishe. Watoto hupenda sana sehemu hiyo ya mwisho.

Nimwachie moja la kumsumbua kidogo. Boti inashuka kilomita 30 na kupanda kilomita 18 kwa jumla ya saa 6. Siku nyingine, kwenye mto uleule wenye mkondo uleule, inashuka kilomita 20 na kupanda kilomita 30 kwa jumla ya saa 7. Tafuta b na m. Akianza kuzidisha namba za chini atazama kwenye herufi, kwa hiyo mpe dokezo hili: asitafute kasi kwanza. Atafute muda wa kushuka kilomita moja, auite s, na muda wa kupanda kilomita moja, auite p. Milinganyo itakuwa miepesi ghafla, na kasi zitapatikana baadaye kwa kugeuza. Akimaliza, piga picha ukurasa mzima uuweke hapa, hata kama jibu halijatoka. Nitausoma mstari kwa mstari.